Mvumo, Mlio na Kelele: Kusikiliza Albamu Isiyo na Wimbo

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia sauti, na ni bahati mbaya kwamba lililouangukia muziki ninaokusudia kuueleza hapa ni "kelele". Gunia la mchele likitupwa gatini huanguka kwa kishindo, nyuki na transfoma za umeme huvuma, radi hunguruma, kengele hulia, makuti makavu huchakarika. Maneno yote hayo humpa mtu habari za kitu kilichotoa sauti, uzito wake, ukavu wake na namna kilivyoguswa. Neno "kelele" halina habari hizo. Linachotuambia ni habari za msikilizaji: kwamba sauti ile hakuiomba, au kwamba amechoka nayo. Mvuvi anayenadi samaki wake sokoni saa tatu asubuhi hapigi kelele, ananadi. Akinadi vivyo hivyo chini ya dirisha la mgonjwa saa nane usiku, anapiga kelele, ingawa koo ni lile lile na maneno ni yale yale.

Nimeanza na neno kwa sababu ndilo lililomkwaza mpwa wangu. Alikuja Lamu likizo iliyopita kutoka chuoni Nairobi, akiwa na albamu katika simu yake ambayo alikuwa ameisikiliza mara mbili bila kufahamu asikilize nini ndani yake. Ilikuwa albamu ya kwanza ya kundi la AMM la London, iliyorekodiwa Juni 1966 na kutolewa mwaka uliofuata, ambamo watu watano wanapiga piano, selo, fidla, saksafoni, akodiani, klarineti, ngoma, gitaa la umeme na redio za transista, bila maneno, bila mdundo unaoweza kushikwa kwa mguu, na bila kuafikiana mapema watapiga nini. Mahali alipoipata ilielezwa kwa mkupuo mmoja kuwa ni muziki wa kelele, wa mandhari, na wa kubuniwa papo kwa papo. Akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, hapa nasikiliza kitu gani hasa?" Siku ile nilimjibu kwa haraka, kwa kuwa kahawa yangu ilikuwa inapoa. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Ugumu wake unatokana kwanza na kufungwa kwa mambo matatu katika furushi moja. La kwanza ni kutumia sauti ambazo si noti. La pili ni kutengeneza sauti ambayo mtu hukaa ndani yake kama akaavyo chumbani, badala ya kuifuata kama afuatavyo hadithi. La tatu ni kupiga bila kupanga. Kila jambo lina historia yake, na kila moja laweza kuwapo bila mengine: mpiga udi hubuni papo kwa papo pasipo kelele yoyote, na albamu nyingi za mandhari zimepangwa studioni kwa uangalifu mkubwa hata kusiwe na dakika iliyoachiwa bahati. Albamu inapoyachanganya yote matatu, msikilizaji hunyang'anywa kwa wakati mmoja kila alichozoea kukishika, yaani wimbo, mwelekeo na nia ya mtunzi, na si ajabu akidhani amechezewa shere.

Tuanze na zile sauti zisizo noti. Uzi wa udi unapotetema mara 220 kwa sekunde, na kila mtetemo ukafanana na uliotangulia, sikio hupata kitu kimoja ambacho koo laweza kukiiga, nacho ndicho tunachokiita noti. Mitetemo isipojirudia kwa mpango, bali ikaja ya kila kasi kwa pamoja, koo halina la kuiga. Redio iliyosimama katikati ya stesheni mbili ndiyo mfano ulio karibu zaidi: ule mchirizo wake una nguvu inayokaribia kuwa sawa katika kila kasi ya mtetemo, na wahandisi huuita mweupe kwa kuufananisha na mwanga mweupe uliobeba rangi zote. Mawimbi ya Shela wakati wa kusi yana tabia ya namna hiyo, ila nguvu yake imeelemea upande wa chini, kwenye mitetemo ya polepole, na ndiyo sababu mtu anaweza kulala kando yake usiku kucha ambapo redio ile ingemtoa kitandani kwa dakika tano.

Sasa angalia ni wapi sauti hiyo imekuwapo siku zote bila kushitakiwa. Hakuna awezaye kuimba noti ya kayamba, kwa kuwa kayamba ni mchakariko mtupu, na mchakariko huo ndio unaoibeba ngoma nzima. Vibati vilivyopachikwa kwenye matari havina noti. Vugo la akina mama harusini, pembe zinazogongwa kwa vijiti, lina mlio mkavu ambao thamani yake iko katika ule ukavu. Hata tunapotamka "sasa" au "shairi", herufi ya kwanza ni upepo uliosukumwa kwenye meno, kelele tupu isiyo na noti, na pasipo hiyo hakuna qasida itakayofahamika. Kwa hiyo haijapata kuwapo hali ya muziki kuwa safi kisha wajuvi wakaja kuuingiza takataka. Mchakariko ulikuwamo daima, ukiwa mtumishi wa noti. Kilichobadilika ni kwamba watu fulani wamempa mtumishi kiti cha mbele.

Historia hiyo huandikwa kwa kuanzia kwa mchoraji wa Italia, Luigi Russolo, ambaye mwaka 1913 alitoa tamko kwamba masikio ya watu wa mijini yalikwisha kuzoea injini, tramu na zogo la umati, na kwamba sauti za okestra zilikuwa finyu kwa masikio hayo. Akaunda masanduku yenye mikono ya kuzungusha na pembe za kutolea sauti ili aipige kelele kama ala. Kisha hutajwa Pierre Schaeffer, mtu wa redio wa Paris, aliyenasa sauti za treni na kuzikatakata kuwa tungo mwaka 1948. Mimi ningependa ianzie Cairo. Mwaka 1944 kijana wa Kimisri, Halim El-Dabh, aliazima kutoka kituo cha redio kinasa sauti kilichohifadhi sauti kwenye waya wa sumaku, akaenda nacho kwenye zar, kikao cha wanawake cha kupunga pepo ambacho mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana, kisha akairudisha sauti ile studioni na kuipitisha kwenye vyumba vya mwangwi, akabadilisha uzito wake hata kilichobaki hakikuwa tena sauti za wanawake bali mwako wake, mfano wa joto linalobaki kwenye jiwe baada ya jua kuzama. Ilikuwa miaka 4 kabla ya treni za Schaeffer. Sijui kwa nini wasimulizi wengi hawaanzi hapo, ila nina dhana yangu.

Ala kuu ya wapigaji wa kelele wa leo, hata hivyo, si treni wala sanduku. Ni mzunguko. Kila aliyehudhuria harusi ya uwanjani anaujua: kipaza sauti kikielekezwa kwenye spika, sauti inayotoka kwenye spika huingia tena kipazani, hukuzwa, hutoka, huingia, na kufumba na kufumbua mluzi mkali umewafanya wageni wazibe masikio huku fundi wa vyombo akikimbilia mitambo yake. Katika albamu ya kelele fundi hakimbii. Anakisogeza kipaza sauti upana wa kidole, na mluzi unapanda. Anasimama katikati ya viwili hivyo, na mluzi unagawanyika. Kwa maana kimo cha mluzi ule hutegemea umbali, ukubwa wa chumba, vifaa, na hata mwili wa mtu aliyesimama njiani. Mwaka 1975 mwanamuziki wa Marekani Lou Reed, aliyekuwa mashuhuri kwa nyimbo za kawaida kabisa, alitoa santuri mbili zilizojaa mizunguko ya magitaa na amplifaya zake, kila upande takriban dakika 16, na mfereji wa mwisho wa upande wa nne ukafungwa kwenye duara ili sindano izunguke hapo hapo mpaka mtu anyanyuke kuiondoa. Wapo waliosema ni mzaha, wapo waliosema ni hila ya kuikomoa kampuni. Niliisikiliza mara moja mwanzo hadi mwisho na sina mpango wa kurudia, lakini mzaha hauchukui saa nzima, na ndani ya ukuta ule kuna mambo mengi madogo madogo yanayotembea. Masami Akita wa Tokyo, anayejulikana kwa jina la Merzbow, ameijenga kazi yake yote juu ya ukuta kama huo tangu 1979. Wanaompenda wanampenda kwelikweli, mimi huchoka mapema.

Kabla ya kuiacha kelele, ipo hoja ya idhini. Katika Jumba la Makumbusho la Lamu zimewekwa siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate. Siwa haichezi wimbo; mpulizaji huambulia noti chache nzito, na heshima yake yote imo katika uzito wa mvumo na katika swali la nani aliyeruhusiwa kupuliziwa. Ilikuwa ni ya harusi na sherehe za waungwana, wala haikuwa ya kila mwenye pumzi. Wazee wetu, basi, walijua kuisikiliza sauti kwa unene wake peke yake, pasipo kuidai mahadhi, mradi ilikuwa na ruhusa ya kuwapo. Anayebonyeza kitufe cha kuanzisha albamu ya kelele amejipa mwenyewe ruhusa hiyo, na kutoka hapo neno lenyewe halimfai tena. Mimi humwambia mpwa wangu aseme "muziki wa milio".

Jambo la pili, mandhari, lina kisa kinachosimuliwa mara nyingi. Mwaka 1975 Mwingereza Brian Eno alikuwa amelala nyumbani akiuguza majeraha ya ajali, na rafiki yake akamletea santuri ya kinubi cha karne ya 18. Rafiki alipokwisha kuondoka ndipo Eno alipogundua kwamba sauti iliwekwa chini mno na kwamba upande mmoja wa vyombo ulikuwa haufanyi kazi. Nguvu za kuinuka hakuwa nazo. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na kinubi kikawa kinasikika vipande vipande katikati ya mvua, kimoja cha vitu vya chumba, kama mwanga na rangi ya ukuta. Mwaka 1978 alitoa albamu aliyoikusudia viwanja vya ndege, akaeleza kwamba muziki wa namna hiyo lazima uweze kusikilizwa kwa makini na uweze pia kupuuzwa, na usiharibike kwa lolote kati ya hayo mawili. Kiswahili chake kinanitatiza: mandhari ni kitu cha macho, na "mazingira" limekwisha kuchukuliwa na watu wa miti na taka. Nitabaki na mandhari, kwa kukosa bora.

Lakini chumba si picha tu katika mazungumzo haya, ni ala. Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida haufiki mita 3. Chumba cha ndani cha nyumba yetu Mkomani nimekipima: kina upana wa mita 2.7, kuta nene za mawe ya matumbawe, na lipu ya chokaa iliyosuguliwa hadi ikawa ngumu na laini. Katika joto letu la nyuzi 30 hivi, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Sauti ambayo urefu wa wimbi lake ni mara mbili ya upana huo, yaani inayotetema kama mara 65 kwa sekunde, hugonga ukuta mmoja, hurudi, hugonga wa pili, na kila safari inajikuta imeafikiana na nafsi yake, hata chumba chenyewe kinaishika na kuizidisha. Ukisimama ukutani utaihisi kifuani. Ukisogea katikati ya chumba itafifia karibu kutoweka, kwa kuwa huko shinikizo la wimbi ni dogo kabisa. Mtu yeyote mwenye sauti nene anaweza kulijaribu hili kwa kuguna taratibu akiupandisha na kuushusha mguno wake mpaka ukuta umjibu, ingawa ni vyema asubiri wenye nyumba watoke.

Alvin Lucier wa Marekani aliligeuza jambo hilo kuwa kazi kamili mwaka 1969: alikaa chumbani, akanasa sauti yake akisoma maneno machache, akaipiga ile sauti chumbani na kuinasa tena, kisha ile ya pili, na ya tatu, na kuendelea, hata maneno yakayeyuka pole pole na kubaki mwako wa mitetemo ile ambayo chumba huipenda. Mwishoni hakuna msemaji. Chumba ndicho kinachoimba. Mwaka 1988 Pauline Oliveros na wenzake wawili walishuka na akodiani, tromboni na sauti zao katika birika tupu la chini ya ardhi huko Fort Worden, jimbo la Washington, ambamo sauti moja huchukua sekunde 45 kufa. Huwezi kupiga haraka mahali kama hapo, kwa kuwa ulichopiga nusu dakika iliyopita kingali kinaondoka. Kwetu Kenya, Joseph Kamaru wa Nairobi, anayetumia jina la KMRU na ambaye ni mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu wa jina hilo hilo aliyefariki mwaka 2018, alitoa mwaka 2020 albamu iitwayo Peel, ambayo sauti zilizonaswa mahali mbalimbali zimetandazwa humo hadi zikawa mivumo mirefu. Huyo ndiye ningemshauri mtu aanze naye, kabla ya AMM, kwa sababu anampokea msikilizaji taratibu. Mpwa wangu alianzia kwenye kina kirefu.

Nimefika kwenye jambo la tatu, na ndilo ninaloliona zito kuliko mengine. Katika taarabu tunayo taksimu. Mpiga udi, na hapa mtu wa Lamu atamkumbuka marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa mji huu, huifungua maqam, yaani ngazi ya sauti ya wimbo, kabla ya wimbo kuanza: hana ngoma inayomhesabia, hana maneno, anatembea ndani ya ngazi ya sauti kwa mwendo wake, anagusa maqam nyingine, anatishia kupotea, anarudi nyumbani, na wasikilizaji wanamjua aliyefungua vizuri na aliyezunguka bure. Hakuna anayeuliza kwa nini taksimu haina mdundo. Sasa ondoa maqam. Ondoa ile nyumba ambayo mpigaji ataiacha na kuirudia, lakini acha usikivu wake, subira yake, na ule uamuzi wa kila nukta wa ama kuongeza ama kunyamaza. Kilichobaki ndicho walichokuwa wakikitafuta AMM.

Walichukua hatua za makusudi ili mazoea yasiwarudishe njiani. Keith Rowe, mpiga gitaa wao, aliacha kuzilinganisha nyuzi za gitaa lake, akalilaza juu ya meza na kuligusa kwa vitu vya chuma badala ya kulipiga kama ala ya nyuzi. Wazo la kulaza alilipata kwa mchoraji Jackson Pollock, ambaye alitandika turubai zake sakafuni. Redio ya transista ilikuwa na kazi ya ndani zaidi. Mpigaji anayefungua redio hajui kitakachotoka, huenda ikawa hotuba, huenda ikawa kinanda, huenda ikawa mchirizo mtupu, kwa hiyo anaingiza miongoni mwao sauti isiyo ya yeyote kati yao, na wote wanalazimika kuamua papo hapo watakaa nayo vipi. Sisi tuliokulia kando ya redio za masafa mafupi, tukiitafuta idhaa ya Kiswahili ya London au Cairo kati ya miluzi na sauti za lugha tusizozijua, tumeisikia sehemu kubwa ya albamu hii kabla hatujajua kwamba ipo.

Je, kuna kanuni? Zipo, ila ni kanuni za baraza, si za noti. Barazani kila mtu anajua tofauti ya mazungumzo na watu wanaokatizana, ingawa katika hali zote mbili hakuna aliyeandika mapema nani atasema nini. Ukienda Matondoni wakati jahazi linakalafatiwa, utasikia mafundi kadhaa wakigonga pamba kwenye viungo vya mbao. Hakuna anayewahesabia, na hawafuatani, lakini magongo yao huishia kuangukiana katika nafasi, na mlio wa kiungo hubadilika kutoka wa kitu tupu hadi wa kitu kilichoshiba, hata fundi ajue kwa sikio kwamba hapo pametosha asogee mbele. Mafundi hawapigi muziki, wala hawakusudii. Ila sikio wanalolitumia, linalouliza kitu gani kimegusa kitu gani na kimeshiba kiasi gani, ndilo hasa analohitaji msikilizaji wa albamu kama hii, na ni sikio ambalo mazoea ya nyimbo za dakika tatu hulilaza usingizi.

Kwa sikio hilo kazi nzuri hutengana na mbaya, na kazi mbaya ni nyingi mno. Albamu mbaya ya milio ni ile ambayo ukimwondoa mpigaji mmoja hakuna kitakachobadilika, kwa sababu kila mmoja alikuwa akigeuza vifundo vyake peke yake. Au ile ambayo hakuna aliyethubutu kunyamaza, kana kwamba kimya kingefichua kwamba hawana la kusema. Albamu nzuri ina gharama ndani yake: mtu ameshika sauti moja kwa muda mrefu kuliko starehe yake, mwenzake ameacha kabisa kupiga kwa dakika kadhaa, na kuondoka kwake kunasikika kama mtu aliyetoka barazani bila kuaga.

Hapa panajitokeza kitendawili ambacho mmoja wa wapigaji wenyewe, Cornelius Cardew, alikiandika mwaka 1971: kwamba kunasa muziki wa papo kwa papo ni karibu na kazi bure, kwa maana kinasa sauti huhifadhi umbo la kilichopigwa lakini hakiwezi kubeba wakati na mahali vilivyokizaa. Mpigaji alikuwa akijibu ubaridi wa ukumbi ule, watu wale, gari lililopita nje. Hoja yake naikubali nusu. Ni kweli kwamba mahali pa London pa Juni 1966 hapafiki Lamu. Ila sauti isiyo na wimbo haina ukuta wa kuzuia kinachotoka nje, kwa hiyo hupata mahali papya kila inapopigwa. Wimbo uliokamilika ukiingiliwa na mlio wa punda, umeharibiwa. Albamu hii ikiingiliwa na punda, inakuwa na mpigaji wa sita kwa muda mfupi, na wakati mwingine ndiye bora kuliko wote. Cardew mwenyewe, niseme kwa haki, baadaye aliugeuka muziki wa aina hii akiuona kuwa ni anasa ya wachache. Shutuma hiyo haifai kupuuzwa kirahisi: mtu aliyeshinda kutwa kwenye injini ya boti hawezi kulaumiwa kwa kutotaka mngurumo mwingine jioni.

Kwa atakayejaribu, spika ya simu haifai, kwa kuwa haiwezi kutoa mitetemo mizito ya chini, na mivumo mingi itakuwa imetoweka bila yeye kujua kwamba ilikuwapo. Spika ya wastani au visikizi vinavyofunika masikio vinatosha. Sauti kubwa si sharti, hata kwa kelele. Kipimo kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 sikio limepewa dakika 15 tu. Anayejivunia kusikiliza hadi masikio yavume ajue kwamba ule mvumo si wa albamu. Asikilize upande mzima pasipo kurukaruka. Akichoka kuutafuta wimbo, ambao haumo, ajiulize maswali madogo: hii ni mbao au chuma, iko karibu au mbali, nani ameacha kupiga? Mara nyingine ataigundua nchi pia, kwa kuwa mvumo wa umeme ulioingia kwenye amplifaya hutetema mara 50 kwa sekunde huko Uingereza kama hapa kwetu, na mara 60 huko Marekani.

Mpwa wangu na mimi tuliisikiliza tena siku mbili kabla hajarudi chuoni, chumbani ndani, spika ikiwa sakafuni imeegemezwa ukutani chini ya zidaka. Tulikuwa katikati ya upande wa kwanza adhana ya isha ilipoanza, msikiti mmoja kisha mwingine na mwingine, tukazima. Adhana si muziki wa kuchanganywa na albamu ya mtu. Tuliporudi kutoka msikitini tukaanzia tulipoachia. Uzi mnene kabisa wa selo, ukiwa haujabanwa, hutetema takriban mara 65 kwa sekunde, na mmoja wa wapigaji alipoteremka huko chini chumba kizima kiliupokea, hata kikombe kilichokuwa juu ya sinia kikaanza kutetema. Mpwa wangu alidhani spika imepasuka. Akaiburuta hadi katikati ya chumba aitazame, na mvumo ukatoweka, selo ikabaki nyembamba kama ya mtu aliye nyumba ya tatu. Alikaa kidogo akiitazama ile spika, kisha akaisukuma polepole, mkono mmoja juu yake, mpaka ikagusa ukuta tena.